Nafasi ya Nyanchera

Siku ya soko, mji wa Kisii hauna adabu. Watu humwagika kutoka Mosocho na Kiogoro na mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na maneno mengi kuliko ndizi na kuku. Kama huna habari ya kumsimulia mwenzako, utaondoka na ya mtu mwingine. Siku kama hiyo, mwaka wa sabini na nne, Benard Amolo alikuwa amejifungia katika kibanda cha simu pale posta, akiwatafutia wenzake kazi.

Alikuwa kijana wa upande wa ziwa, mwanafunzi wa sanaa chuo kikuu Nairobi, mrefu, suruali yake ya bugaluu ikifagia sakafu, nywele zimechanwa zikasimama. Mwaka ule idara yao iliamua kwamba hapandi darasa mtu asiyefanya mazoezi ya kazi wakati wa likizo ndefu, na mhadhiri akamtwika Benard mzigo wa kuwatafutia nafasi wote watakaokwenda Kisii. "Wewe una mdomo," alimwambia. Mdomo kweli alikuwa nao. Alimsifu huyu, akamwombea yule, akacheka na makarani asiowajua, hadi kioo cha kibanda kikagongwa kwa sarafu.

"Kaka, hiyo simu umeioa?"

Akageuka. Msichana wa gauni la kijani lililoishia juu ya goti, viatu vya raizoni vyeupe, soli zake ndefu zimekula matope ya soko, ubao wa kuchorea kwapani.

"Bado tunachumbiana," Benard akajibu.

"Basi waachie na wengine wajaribu bahati. Foleni imefika barabarani."

"Na wewe unampigia nani, dada?"

"Nairobi. Idarani kwetu kuna mtu wa darasa la juu anaitwa Amolo, ndiye anayegawa nafasi za kazi. Wanasema ana maringo na hapatikani."

Benard akaurudisha mkono wa simu mahali pake, polepole. "Amepatikana. Hayo maringo ndiyo utamsaidia kuyaacha."

Foleni ikacheka. Msichana alijaribu asicheke, akashindwa. "Naitwa Nyanchera," akasema. "Maana yake nimezaliwa njiani."

"Ndiyo maana nimekukuta njiani."

"Umenikuta posta. Usijipendekeze."

Ikawa hivyo. Kila jioni walionekana hotelini kwa Bathsheba, dada yake mkubwa Nyanchera, karibu na soko, mahali palipouzwa chai, mandazi na uvumi, vyote vya moto. Bathsheba alikuwa na simu yake kwenye kaunta na sikio kwa kila meza. Siku ya tatu tu alishaanza kumwita Benard shemeji.

Nafasi aliyoitaka Nyanchera ilikuwa moja tu, na kila mchoraji wa idara aliililia: karakana ya Bwana Thadeus, wanakochonga sanamu za mawe ya sabuni, yale mawe laini ya Kisii. Hapo mtu huchora kwanza, mchongaji akafuata mistari yake.

"Mzee wangu ni mkulima wa chai na ni mzee wa kanisa," alimweleza Benard wakitafuna miwa kwenye baraza la duka. "Kwake kuchora ni kuchezea penseli. Tumegombana mwaka mzima. Nikipata pale kwa Thadeus, akaona kwa macho yake mtu anachukua mstari wangu anautoa kwenye jiwe, yamekwisha. Nikikosa, nitaambiwa nirudi Nyamira nikafundishe watoto kuhesabu."

"Ni yako, mpenzi."

"Usiniite mpenzi kwa sababu ya nafasi."

"Nafasi nimekupa kwa sababu ya michoro yako. Mpenzi nakuita kwa sababu nyingine."

"Zipi?"

"Hizo raizoni."

Akampiga kwa kipande cha muwa. Kesho yake Benard akampigia Thadeus simu, jina la Nyanchera likakubaliwa.

Wakapanga kwamba Jumapili, kabla ya kazi kuanza, Benard aende Nyamira ajulikane nyumbani. Nyanchera akatangulia kwao kuandaa, naye Benard akaenda kwao Kendu Bay kuchukua koti la maana. Ijumaa akapiga simu hotelini kuhakikisha. Bathsheba akaipokea kwa mikono yenye unga, hoteli imejaa, watu wanaita chai kutoka kila pembe.

"Shemeji, habari ya ziwa?"

"Njema. Nauliza mambo ya Jumapili."

"Jumapili iko sawa. Ila baba amesema hawezi kuonana na wewe."

"Hawezi?"

"Hataki kabisa. Wewe ukikuja, yeye atapita kwa migomba aende kwa jirani. Hata mkono yako hawezi kushika." Bathsheba akacheka kicheko kirefu. "Si unajua mambo ya kwetu?"

Benard alidhani anayajua. Alidhani kicheko kile ni cha kumsuta, kwamba Mjaluo amepima kina cha mto wa watu kwa miguu miwili. Akakata simu bila kuaga.

Msomaji wa Kisii hapa ameshashika tumbo kwa kicheko. Kwa Kigusii baba ni mama. Mzazi wa kiume huitwa tata. Na Mgusii wa kike akikubali moyoni kwamba kijana fulani atamwoa binti yake, tangu hapo humwonea ensoni, ile haya ya heshima: hamtazami usoni, hampi mkono, akimwona njiani hukata kona. Bathsheba aliishi mjini kwa Kiswahili, ila neno la kumtaja mama yake lilikataa kuhama. Alikuwa amempa Benard pongezi, naye akazipokea kama kofi.

Kosa hilo lingechekwa likaisha. Lakini simu ilikuwa bado iko mbele yake, na mtu aliyeumia akiwa na simu ni kama mlevi mwenye panga. Akampigia Thadeus.

"Lile jina la karakana, libadilishe. Weka Walter, mwanafunzi mwenzetu."

"Yule msichana ana tatizo?"

"Hana. Ni mambo ya chuo."

Alipomaliza akabaki amesimama. Hana. Ndivyo alivyosema kwa mdomo wake mwenyewe. Alijua wakati ule ule kwamba amefanya ubaya, akajiambia atalirekebisha akipoa. Jumamosi hakupoa. Jumapili hakwenda.

Baadaye alikuja kuhadithiwa Jumapili ile, na kila aliyemhadithia alimwongezea mzigo. Nyumba ya Mzee Jethro, mzee wake Nyanchera, ilifurika: shangazi, majirani, waimba kwaya, watoto waliopanda ua wapate kuona mgeni wa ziwa. Kuku walichinjwa, ugali wa wimbi ukasongwa. Mama alikuwa amekimbilia kwa jirani tangu asubuhi na leso yake mpya, akituma watu kuuliza amefika, ni mrefu, amekula. Mzee alisimama kando ya barabara na koti lake la ibada, mvua ikamkuta hapo hapo. Jioni wageni walikula wakaondoka wakiinamisha nyuso, na Nyanchera akaosha vyombo peke yake.

Jumatatu asubuhi Benard alikuwa karakana, amemkabidhi Bwana Thadeus yule Walter, kijana mpole asiyejua lolote, ambaye tayari ameinamia meza. Mlango ukafunguliwa. Nyanchera aliingia na gauni la bluu lililopigwa pasi hadi likanyooka kama karatasi, penseli imechomekwa katika nywele. Hakuitazama meza. Alimtazama yeye.

"Ben, uko mzima? Jana nilidhani umepata ajali. Tata alinyeshewa barabarani akikungoja."

"Tata ni nani?"

"Mzee wangu. Nani mwingine?"

"Bathsheba aliniambia baba hataki kuniona."

Nyanchera alilirudia lile neno chini ya pumzi, mara moja kwa Kiswahili, mara moja kwa lugha ya kwao. Akafumba macho. "Ben. Baba ni mama. Alikukimbia kwa sababu amekukubali." Akataka kucheka, kicheko kikaja nusu. "Huyu Bathsheba nitamnyonga. Pole, mpenzi. Pole sana. Ulilala na maneno hayo siku zote hizi?"

Ile pole ndiyo iliyomchoma. Angeomba ardhi impokee kabla Thadeus hajafungua mdomo, lakini Thadeus aliufungua.

"Dada, tukusaidie nini?"

"Nimekuja kuanza kazi. Nyanchera."

Thadeus akamgeukia Benard. "Si ulinipigia tubadilishe jina?"

Penseli ya Walter ikasimama.

"Ulibadilisha jina langu?" Nyanchera aliuliza, sauti ya chini kabisa.

"Nilikuwa nimeumia. Nilifikiri baba yako..."

"Haya. Tuseme mzee amekukataa kweli. Tuseme amekutukana wewe na ziwa lenu lote. Mimi michoro yangu ilikukosea nini?"

Yule mwenye mdomo akaitazama simu iliyokuwa mezani kwa Thadeus.

"Ulipiga simu ya kuninyang'anya," Nyanchera akasema. "Ya kuniuliza hukupiga."

Akatoka. Hakuubamiza mlango, aliurudisha taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Kwa siku mbili mji wa Kisii ulicheka habari ya baba na mama. Makuli waliicheka, wauza sukuma waliicheka, Bathsheba mwenyewe aliisimulia huku akilia kwa kicheko. Benard hakuweza. Kosa la neno lilipata mkalimani. Lile la pili halikuhitaji mkalimani, kila mtu angelielewa, na hakuna aliyelicheka.

Kumwondoa Walter kungekuwa dhambi juu ya dhambi. Akafanya lililobaki. Yeye alikuwa na nafasi nzuri, ofisi moja pale mjini iliyotengeneza mabango ya afya, na afisa alishamdokezea kwamba akimaliza chuo huenda wakamwajiri. Alikwenda akamwambia yuko mtu anayefaa kuliko yeye. Afisa alitazama michoro ya Nyanchera akasema kweli, mdomo tunao wa kutosha, mkono ndio hatuna. Nyanchera akaichukua nafasi ile bila kumshukuru. Alikuwa na haki.

Benard alibaki na kilichobaki: kufundisha ngumbaru Nyamarambe, watu wazima wanaojifunza kusoma. Kabla ya kwenda akapanda Nyamira kuungama. Alichagua siku aliyojua Nyanchera yuko kazini.

Mzee Jethro alimsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mkongojo. "Hilo la baba na mama tumelicheka tangu Jumatatu," akasema. "Hilo lingine hatujalicheka."

"Najua, mzee."

Mama akatokea jikoni na birika. Alimjia moja kwa moja, akamtazama machoni, akampa mkono. "Karibu, kijana. Kunywa chai." Akaketi mbele yake, ametulia, hana haya yoyote, akamuuliza habari za safari kama anavyomuuliza mpita njia. Benard alikuwa ameshajifunza. Mgeni yeyote hupokewa hivyo. Mkwe hapokewi hivyo. Aliinywa ile chai yote, akashukuru, akaondoka.

Miezi ikapita Nyamarambe. Alifundisha vizuri, alisemwa vizuri, alilala vibaya. Alimwandikia Nyanchera mara nyingi kichwani na si mara moja kwa mkono. Siku moja sokoni akaona watu wamezunguka ukuta wa duka. Lilikuwa bango jipya: mwanamke anachemsha maji, na mvuke wa sufuria ulichorwa ukapinda hewani hata mtu akatamani kurudisha uso nyuma. Kwa Mama Gesare, muuza ndizi na mwanafunzi wake mkaidi kuliko wote, ilikuwa nafasi ya kuonyesha elimu.

"Mwalimu, hapo juu nimesoma. Che-msha ma-ji. Nisomee haya madogo ya pembeni."

"Ni jina. Nyanchera."

"Mtu wa kwetu. Unamjua?"

"Namjua."

"Ni nani wako?"

Zamani angekuwa na majibu kumi na soko zima lingecheka. "Ni mtu niliyemkosea," akasema.

"Ukaomba msamaha?"

"Niliomba. Nilikwenda hadi kwa mzee wake."

Mama Gesare aligeuza ndizi zake, mbichi chini, mbivu juu. "Kwani ni mzee uliyemkosea?"

Benard akaligeukia tena lile bango.

"Nakuuliza, mwalimu. Wewe huniuliza darasani, mimi najibu."

Akaingia dukani akaomba simu. Laini ya Kisii ilichelewa, ikakoroma, ikamuunganisha.

"Nani?" Bathsheba aliuliza.

"Ni Benard."

"She..." Akajikatiza. "Benard. Unataka nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu, dada. Kama yupo hapo, nipe nimuulize mwenyewe."

Bathsheba aliuweka mkono wa simu juu ya kaunta. Vikombe viligongana, mtu akaita sukari, mwingine akaambiwa anyamaze. Kisha meza nzima ikanyamaza, na nyingine, mpaka hoteli ile isiyowahi kunyamaza ikawa kimya, na kiti kikasogezwa. Alimsikia akipumua.

"Uliza," Nyanchera akasema.