Miguu Iliyowekwa Akiba

Kiti cha magurudumu kilikuwa kizuri. Kilikuwa na mto mnene na breki zilizoshika vyema. Tatizo ni kwamba juu yake palikaa beseni la nguo chafu, na mwenye kiti alilala chali kitandani, akiangalia dari.

Mwenye kiti alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Aliteleza kwenye mabati yenye umande, akaanguka, akaumia uti wa mgongo. Tangu hapo miguu yake haikusogea wala kuhisi kitu. Mkewe alikuwa mshonaji. Alihamishia cherehani chumbani ili ashone huku akimwangalia mumewe. Matokeo yake, waligombana kutwa.

"Baba watoto, nikugeuze ubavu."

"Niache."

"Basi kaa kwenye kiti, upate hewa."

"Mama watoto, nimeshakwambia. Miguu hii naiweka akiba. Yule daktari wa redioni akiniita, aikute imepumzika. Ukinigeuzageuza utaukata uti, na sasa hivi unajiunga."

"Nani kakwambia unajiunga?"

"Nausikia."

"Unausikia! Hata nikikufinya husikii!"

Mshonaji alikanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Naye alitaka mumewe atembee, alitaka kuliko kitu chochote duniani. Lakini alikuwa amechoka kubishana na mtu aliyetia pamba masikioni.

Daktari wa redioni alikuwa mpasuaji. Pia alifanya utafiti wa kuwarudishia uwezo wa kutembea watu walioumia uti wa mgongo. Fundi alimsikia akisema kwamba mgonjwa mmoja amesimama. Yaliyofuata hakuyasikia, kwa sababu alikuwa akipiga kelele za furaha. Siku hiyohiyo alimtuma mkewe kupeleka jina lake hospitali.

Hatimaye waliitwa. Fundi alinyoa ndevu, akavaa shati jipya.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi. "Kabla ya yote, nione mgongo wako," alisema.

Walimgeuza. Daktari akashusha pumzi ndefu.

"Kidonda hiki kina muda gani?"

"Kidonda gani?" Fundi aliuliza.

Daktari alipiga picha kwa simu, akamwonyesha. Chini ya kiuno, pale mfupa unapokutana na godoro, palikuwa na shimo. Mshonaji akaisogelea ile picha.

"Niliona wekundu, Daktari. Nikadhani ni joto."

"Siwezi kumpokea kwenye utafiti. Kidonda kama hiki kinaweza kuua. Atalazwa leo, kitibiwe."

"Lakini miguu nimeitunza!" Fundi alilia. "Sikuisogeza hata kidogo!"

"Ndiyo maana imekakamaa, magoti hayanyooki! Kila mara naletewa mtu wa namna hii. Nahangaika miaka na utafiti, halafu nashindwa na godoro!"

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu na Fundi. Sauti yake ikapoa.

"Sikiliza, bwana. Uti wa mgongo hupeleka habari kati ya ubongo na mwili. Wako umeumia, habari hazipiti. Ngozi inabanwa na wewe huna habari. Ikibanwa muda mrefu damu haifiki, ngozi inakufa. Na uti hauungwi kwa kulala."

"Na ile dawa yako?"

"Si dawa. Ni kifaa kidogo kinachowekwa mgongoni, kinachochea mishipa ya fahamu kwa umeme hafifu. Wapo waliosimama. Wachache walipiga hatua wakiwa wameshikiliwa, baada ya mazoezi mengi. Wengine hawakupata kitu. Bado tunajaribu. Siwezi kukuahidi."

Fundi alifuta macho kwa mkono wa shati lake jipya. "Sasa nifanye nini?"

Mshonaji alitamani kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja. Siku zote hizo, ndiyo kwanza anauliza.

"Kitandani, ugeuzwe kila baada ya saa mbili," Daktari alisema. "Kwenye kiti, jiinue kwa mikono kila robo saa, damu ipite. Mkague ngozi asubuhi na jioni. Mkiona wekundu usioondoka, usipakalie wala usipalalie, na mje hospitali. Miguu inyooshwe taratibu kila siku. Mwili mzima ndio ninaoweza kuufanyia kazi."

Kidonda kilichelewa sana kupona, lakini kilipona. Beseni likahamia sakafuni. Fundi akajifunza kukagua mgongo wake kwa kioo, na mikono yake ikapata nguvu. Kwanza alikaa kwenye kiti dirishani. Kisha akatoka uani. Kisha akarudi kazini, akawa anapima mabati chini na kuwafokea wenzake walio juu ya paa. Sasa Mshonaji alilalamika kwamba mume haonekani nyumbani.

Jioni moja wakiwa mezani, simu iliita. Ni Daktari.

"Majibu ya vipimo vyako ni mazuri, na ngozi imepona kabisa. Njoo Jumatatu, tuanze utafiti."

"Jumatatu?" Fundi alikuna kichwa. "Daktari, Jumatatu tunaezeka nyumba ya watu. Huwezi kusogeza mbele kidogo?"

Mshonaji aliduwaa. Kisha akamnyang'anya simu.

"Daktari, Jumatatu atakuja. Nitamsukuma mwenyewe mpaka mlangoni kwako."

Akakata simu, akamgeukia mumewe huku machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Na wewe jiinue! Robo saa imepita."