Dawa ya Sikio Aliyopewa Ndama

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Batula alimkamua ng'ombe wetu, nami nikabeba maziwa kwenda kuyauza Garsen. Mwaka huo wa 1998 maji ya mafuriko yalikuwa yameshuka, lakini mifugo mingi ilikuwa imekufa. Batula, wa miaka kumi na miwili, alibakiwa na ndama mmoja aliyepewa na baba yake. Ndama huyo alikuwa akiharisha.

"Ndama huyo hata fisi atamwonea huruma," rafiki yake Mbodze alimtania.

"Nyamaza wewe! Utakuja kuniomba maziwa yake," Batula akajibu, lakini machozi yalimlenga.

Siku hizo mdogo wake Kadra, wa miaka sita, alitokwa na usaha sikioni. Kwenye zahanati tulipewa vidonge vya siku kumi. Nikamkabidhi Batula, kwa kuwa mimi hutoka alfajiri.

"Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Kisibaki hata kimoja."

"Sawa, Mama."

Siku ya nne sikio lilikauka, Kadra akarudi kucheza. Batula alivitazama vidonge, akamtazama ndama wake. Akavisaga, akavikoroga kwa maji, akamnywesha ndama. Kila jioni mimi nauliza, "Amekunywa?" Naye ananijibu, "Amekunywa." Sikufungua ile bahasha ya vidonge nione. Hilo ni kosa langu.

Wiki iliyofuata Kadra aliamka akililia kichwa. Kufika adhuhuri hataki mwanga, shingo imekaza kama mpini wa jembe. Nilipojaribu kumwinamisha alipiga yowe. Kisha akanyamaza, na kimya kile ndicho kilichonitisha zaidi. Nikambeba mgongoni hadi zahanati, Batula akinifuata mbio.

Tabibu Masha alimpima damu. "Malaria sioni. Dawa ya sikio aliimaliza?"

"Aliimaliza," nikasema.

Akamgeukia Batula. "Wewe ndiye uliyempa?"

"Ndiyo. Alimaliza."

Masha akakunja uso. "Kama alimaliza, basi huenda ni kitu kingine. Na hapa hatuna nafasi ya kukosea mara mbili."

Papo hapo Kadra akaanza kutetemeka, macho yakapinduka. Batula akapiga magoti.

"Hakumaliza, daktari! Nilimpa siku tatu tu! Nyingine nilimpa ndama!"

Masha alikwisha kushika sindano. "Basi ugonjwa umepanda kutoka sikioni hadi kwenye utando wa ubongo."

"Mpe vile vidonge basi," nikalia. "Mpe hata vitatu kwa pamoja!"

"Vimechelewa, Mama Batula. Ubongo uko ndani ya boma la miba. Damu hupita kandokando, na dawa nyingi huzunguka nje zisiingie. Madini ya chuma yaliyomo katika damu huingia kwa sababu yana mchukuzi wake, na pale langoni wapo wapokezi wanaomjua mchukuzi huyo. Wataalamu wa mbali wanajaribu kuipandisha dawa mgongoni mwake, ipite naye. Lakini hiyo bado iko maabara. Mimi nina sindano tu. Nitaijaza damu yake dawa, usiku na mchana, mpaka kiasi fulani kipenye. Ilipokuwa sikioni, kidonge kilitosha."

Tulikaa pale siku kumi na nne. Siku tatu za kwanza Kadra hakumjua mtu. Ya nne akafumbua macho, akaomba maziwa. Batula alitoka nje, nikamsikia akilia.

Siku ya kuondoka, Masha alimwita. "Binti, ukweli wako ndio ulionionyesha njia. Lakini ulikuja umechelewa. Ugonjwa ukinyamaza si kwamba umekufa. Dawa humalizwa na yule aliyeandikiwa, na anayeulizwa hujibu kweli, hata kama ataadhibiwa."

Ndama alipona. Kama ni kwa vidonge au kwa rehema ya Mungu, sijui. Sasa ni mtamba, amefungwa kengele shingoni, na huja na kengele yake mpaka mlangoni. Akija upande wa kulia wa Kadra, mtoto hugeuka na kucheka. Akija upande wa kushoto, Kadra hageuki. Sikio hilo halikusikia tena.

Batula ndiye hugeuka, akikumbuka vile vidonge. Kwa hiyo nanyi watoto, mama akiuliza, "Amekunywa?", mwambieni kweli siku hiyo hiyo.