Aliyesimama Ndani ya Cheche

Stima ilikuwa imepotea mtaa wote wa Jericho tangu asubuhi, lakini Rispa alisikia mashine ya kuchomelea ikinguruma kibarazani. Akatoka na mwiko mkononi. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, mbali na ukuta. Mashine ikanyamaza papo hapo. Kwenye ncha ya mkono wa mashine hiyo, waya mwembamba ulikuwa ukijisukuma nje polepole, kama ulimi.

Rispa aliukata kwa koleo, wala hakumwambia mumewe. Sylvance alikuwa na yake ya kutosha.

Alikuwa fundi wa madirisha na mageti. Kioo cheusi cha ngao yake ya uso kilipopasuka, alinunua miwani ya jua pale sokoni Muthurwa, na moto ukiwaka alifumba macho, akachomelea kwa kukisia.

"Niaje fundi, unachomelea ama unasali?" Owuor wa chipsi alizoea kumtania.

"Zote mbili," Sylvance alikuwa akijibu kwa kicheko. "Mkono wangu unajua njia."

Sasa alilala chali, vipande vya viazi vibichi juu ya macho, jinsi mafundi wa mtaani wanavyojitibu macho yaliyochomwa na mwanga. Machozi hayakukatika.

"Mama Winny," alinong'ona, "kuna mtu ndani ya ule moto."

"Mtu gani, Baba Winny?"

"Hana kope. Hata nikifumba namwona. Ananiambia, nitazame mara moja tu, nitakuacha. Nikimtazama, anasogea karibu."

Jirani yao Qali alikuja na chupa ya maziwa, kama alivyokuja kila siku bila kuombwa, na safari hii alimleta kaka yake, Maalim Mohamednur, anayesomea wagonjwa. Maalim akasomea maji, akamnyunyizia Sylvance, hadi shuka likalowa jasho lenye harufu ya chuma kilichoungua.

"Huyu wa motoni anaishi kwa kutazamwa," Maalim alisema kwa sauti ya chini. "Mumeo amemfungulia mlango kwa macho matupu. Tumfunge mgonjwa kitambaa, na mashine itoke hapa leo hii. Lakini akiyakosa macho haya atatafuta mengine. Mtoto wenu yuko wapi?"

Rispa akageuka. Winny, binti yao wa miaka mitatu, aliyekuwa akicheza miguuni pa kitanda, hakuwapo.

Ndipo mwanga mweupe ukapenya chini ya mlango wa kibarazani, na Rispa akakimbia huku akiinamisha uso, akapapasa ukuta kwa sababu mwanga ule ulipita hata kwenye kope zake, akaisikia sauti ya waya ukiungua kama mafuta ya kukaangia na nyuma yake kicheko cha mwanawe, akafungua jicho kidogo tu, akamwona Winny amechuchumaa mbele ya mashine isiyo na stima, viganja vimefunika uso kama wanavyocheza watoto kujifichaficha, na vidole vyake vidogo vikianza kuachana.

Alimtupia leso aliyojifunga kiunoni, akamkumbatia, akaugandamiza uso wake kifuani.

"Usitazame!" Maalim alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mama, usitazame!"

Lakini moto haukuzimika. Ulizunguka, ukatafuta upenyo kwenye mikunjo ya leso, na Winny akaanza kujinasua.

"Mama, ananiita."

"Mwache," Rispa alilia. "Tafadhali. Bado mdogo. Mimi nitakutazama."

Akafumbua macho yote mawili.

Moto ukazimika. Qali na kaka yake waliibeba mashine wakaenda kuitupa mbali. Sylvance alivua kitambaa alichofungwa machoni, akauona ukuta, akamwona Winny mzima akitafuta viatu vyake, akamwona na mkewe, akalia kama mtoto. Rispa, macho wazi, hakumwona. Qali aliporudi alimfunga macho kwa mtandio wake safi, akamwoshea vyombo. Owuor naye akaleta chipsi, akakosa utani.

"Winny anaona?" Rispa aliuliza tena na tena.

"Anaona, dada," Qali alimjibu kila mara. "Anaona vizuri."

Hilo lilimtosha. Nyumba ilipotulia, Winny alimlalia kifuani akasinzia, pumzi zake zikimpasha shingo joto. Rispa akamfunika, akambusu utosini.

"Mama," sauti ya Winny ikaita kutoka kibarazani. "Fungua hicho kitambaa. Nitazame mara moja tu."