Ufunguo wa Chumba cha Majoho

Familia ilikuwa inakunywa chai, mlango ukagongwa. Akaingia mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Alivaa joho jeusi la wakili. Nyuma, uzi wa tambara la kupigia deki ulining'inia kama mkia.

"Mtunza funguo wa chumba cha majoho anaishi hapa?"

"Ndiye mimi," alijibu baba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, katika jengo la chama cha mawakili.

"Basi utazame mkia huu. Nimeuacha makusudi. Miaka ishirini navalia joho stoo, kati ya mifagio. Jana nilimtetea mteja hivi hivi. Hata mshtakiwa alicheka, na yeye ndiye aliyekuwa anakwenda jela!"

Binti, wakili wa mwezi mmoja, akainama. "Mimi juzi nilitumbukia kwenye ndoo, baba. Nilimwendea hakimu kiatu kinalia chubwi, chubwi. Niliona aibu kukwambia."

"Pole, mwanangu. Lakini amri ni amri. Chumba ni cha wanaume."

"Imeandikwa wapi?" mgeni aliuliza.

Baba akaleta faili lake. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Akalikung'uta. Ikadondoka risiti ya kufuli.

"Aliyenikabidhi funguo aliniambia kwa mdomo tu," alinong'ona.

Mkewe akaangua kicheko. "Miaka kumi na minane unalinda amri isiyokuwepo!"

"Mazoea si sheria," alisema mgeni. "Kila mmoja wetu alilalamika peke yake, akaambiwa avumilie. Sasa tumeungana, wanawake kumi na mmoja. Tumeandika barua moja, tukatia saini sote. Tunataka chumba, na viti katika kamati inayoamua. Kesho ni mkutano. Utakuja kusema ulichokiona kwenye faili?"

"Nitasema," baba aliahidi.

Binti akatia saini ya kumi na mbili.

Kesho yake mwenyekiti wa chama alimshika baba bega mlangoni mwa ukumbi. "Mzee, mwezi ujao wewe ndiye msimamizi wa jengo. Usijiharibie kwa habari za mifagio."

Baba akageuka. Akamwona binti yake, vumbi la stoo begani. Akasimama mbele ya wote.

"Amri hiyo haipo. Nimeilinda bure. Naomba radhi."

Kura zikapigwa. Wanawake wakapata chumba chao, na viti viwili katika kamati. Usimamizi akapewa mtu mwingine. Meza ya baba ikahamishiwa stoo.

Jioni alirudi nyumbani, uzi wa deki nyuma ya koti.

"Mume wangu, una mkia!"

"Najua," alisema, akaketi taratibu asiukalie. "Nilisema nitasema. Nimesema."