Kamera ya Rubani Lotfi

"Chungwa limeoza. Bizerte. Leo."

Sabiha Werghi aliusoma ujumbe, akaufuta. Chungwa ni kikosi cha walinzi wa pwani katika mji huo wa bandari. Kuoza ni usaliti.

Alichomeka bastola ya Beretta chini ya bisibisi kwenye begi la fundi, akaiwasha Peugeot yake.

Boti tatu ndani ya miezi miwili. Zote zilisheheni sanamu za kale zilizoibwa. Helikopta ya doria ikienda mashariki, boti inapita magharibi. Boti ya tatu ilikutana na walinzi kwa bahati mbaya. Risasi zikarindima. Baharia wa kikosi, Anouar, kijana wa miaka ishirini na miwili, akajeruhiwa, akakatwa mkono.

Njia za doria zilijulikana mapema na watu wawili tu: kamanda, ambaye alikuwa amelazwa hospitali muda huo wote, na rubani wa helikopta, Lotfi Gharsallah.

Na rubani Lotfi wiki hiyo alikuwa akitafuta fundi wa kompyuta.

"Karibu dada, usiangalie fujo," alisema Lotfi mlangoni. Mtu wa miraba minne, kandambili miguuni. "Mke wangu kaenda kwa mama yake, basi nyumba imekuwa kambi."

Sabiha alicheka. Macho yake hayakucheka. Yalikuwa yakihesabu milango.

Chumbani kulikuwa na kiti kikubwa, usukani wa mchezo wa ndege, na kamera juu ya kioo cha kompyuta. Lotfi alikaa, akageuza kichwa kushoto. Kwenye kioo, rubani wa mchezo naye akatazama kushoto, bawa likaonekana. Kisha picha ikaganda. Feni ikanguruma.

"Umeona? Kamera inafuata kichwa changu, nageuka nayo inageuka. Raha tupu! Lakini matumizi ya prosesa yanapanda mpaka asilimia tisini na mbili. Ndege inakwama angani kama punda. Kazini narusha ya kweli, nyumbani ya uongo inanishinda!"

"Programu ya kamera umeipata wapi?"

"Kwa Hichem Mabruki, mwenyekiti wa klabu yetu ya michezo. Ana duka la kompyuta pale bandari ya zamani. Alikuja mwenyewe kuiweka, bure kabisa. Nikimlalamikia ananiambia nivumilie, ndivyo ilivyo."

Bure kabisa. Sabiha aliliweka neno hilo akilini.

"Nipishe, kaka."

Alipunguza ukubwa wa picha ya kamera. Akashusha kasi yake kutoka picha sitini kwa sekunde hadi thelathini. Akaibana programu itumie sehemu moja tu ya prosesa. Kazi ya kufuata kichwa ilipaswa kushuka hadi kumi, labda kumi na tano.

Mashine ikasoma sabini na moja.

Akaufunga mchezo wenyewe. Sitini na nane.

Kidole chake kikasita hewani. Akachomoa waya wa mtandao, kana kwamba anapangusa vumbi.

Tisa.

Akaurudisha.

Sitini na nane.

Mashine ile haikuwa ikihangaika na kichwa cha mtu. Ilikuwa ikikusanya picha na kuzituma nje, na wakati huo huo ilikuwa ikimtazama yeye usoni.

"Vipi, dada? Tatizo ni nini?"

"Vumbi tu, kaka. Vumbi limejaa humu."

Aliufungua tena mchezo, akamrudisha Lotfi kitini, kisha akainama chini ya meza, pasipofikiwa na jicho la kamera, akatazama nyuma ya kiti. Ukutani, mbele kabisa ya kamera, kulikuwa na kalenda kubwa. Kila doria imeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi nene: *Jumanne, saa sita, Rafraf. Ijumaa, saa nne, Cap Serrat.*

Akaandika kwenye risiti, akaiweka gotini pa Lotfi: *Mimi ni Usalama. Usigeuke. Cheza. Nani aliandika kalenda?*

Lotfi alisoma. Rangi ikamtoka. Lakini mikono yake ilibaki kwenye usukani, na hilo Sabiha alilipenda. Akapokea kalamu kwa mkono mmoja, akaandika bila kutazama: *Mimi. Mke wangu ajue niko wapi.*

Kisha, chini yake: *Ndiyo iliyomponza Anouar?*

Sabiha aliichukua risiti, akaitia mfukoni. Hakuwa bado ameamua kumwamini.

Ngazini alimpigia simu mkuu wake.

"Kanali Chedly."

"Sema."

"Chungwa halikuoza. Limetobolewa."

"Una hakika na rubani?"

"La. Nampa mtihani."

Mtihani ulikuwa rahisi. Jioni ile, kwa maelekezo ya Sabiha, Lotfi aliandika kwenye kalenda: *Alhamisi, saa sita, Rafraf.* Amri halisi ilikuwa Cap Serrat, upande wa pili kabisa, ambako wezi wangeamini hakuna doria. Kama Lotfi angemwonya mtu, boti isingetoka.

Alhamisi, saa sita mchana, Sabiha alikuwa akila lablabi, supu ya dengu, mbele ya duka la Hichem. Redio ilikuwa sikioni.

"Falcon, unaona nini?" alinong'ona, akiiita helikopta.

"Boti ya kijivu," ilikuja sauti ya Lotfi, ikikwaruza. "Makreti nane. Watu watano. Hawajaniona, niko nyuma ya kilima."

"Watokee."

Mngurumo. Kelele. Kisha mlinzi mmoja: "Wametupa silaha! Wote watano!"

Simu ya Hichem ikalia ndani ya duka. Mwenyekiti alisikiliza, akaiangusha, akatokea mlango wa nyuma akikimbia.

Sabiha alishazunguka; Hichem akakutana na mdomo wa Beretta.

"Dada, dada yangu, tuongee kama watu! Mimi nauza kompyuta tu!"

"Na wateja unawauza kwa nani?"

Pingu zikalia mara mbili.

Saa nane, uwanja wa kikosi. Lotfi alishuka kwenye helikopta, kofia mkononi. Alimsogelea Sabiha kama mwanafunzi anayekwenda kwa mwalimu mkuu.

"Afande. Yule kijana... ni kalenda yangu iliyomkata mkono."

"Ni risasi iliyomkata. Kalenda ilionyesha njia."

"Jina langu utaliandika kwenye ripoti?"

"Nimeshaliandika."

"Upande gani? Wa waliovujisha, au wa waliokamata?"

Sabiha alivaa miwani ya jua, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari.

"Pande zote mbili," alisema, bila kugeuka.