Nta Isiyotaka Pombe

Nilitoka kuanua mataulo kabla hayajagandia kambani. Huku El Alto, mji wa baridi kali mlimani juu ya La Paz, jua likishazama, taulo bichi hugeuka ubao, na ubao ukipita juu ya rangi ya gari la mtu, unaacha mikwaruzo. Niliporudi na rundo langu kifuani, mwanamume alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana.

Sikumsikia akija. Mbwa wa barabara yetu humbwekea hata padri. Jioni ile hawakubweka.

"Habari za jioni, dada. Nauza nta."

Alivaa koti jeupe la kazi na glavu. Koti halikuwa na vumbi, na hapa kila kitu kina vumbi. Mkononi alishika sanduku la kahawia. Kwenye mpini wake ilining'inia kengele ndogo, ya aina wanayofungwa wanakondoo. Nilidhani ni pambo.

Kuniuzia nta mimi si kazi rahisi. Ukutani nje nimetundika boneti kuukuu ya lori, nimeigawa vipande kwa utepe wa karatasi. Kila nta inayoletwa hapa, kila koti la kauri, ile dawa ya majimaji inayokauka juu ya rangi ikawa ngumu kama kioo, hupewa kipande chake. Kisha boneti inakaa na jua letu linalobabua rangi, na barafu, na vumbi. Mwisho naimwagia bia na spiriti. Mafundi wa nyanda za chini hunicheka kwa hilo la mwisho, lakini kwetu gari lisiloonja pombe halina baraka. Jumapili watu huyapeleka magari kanisani Copacabana, kando ya ziwa. Yanavishwa maua, padri ananyunyiza maji, halafu mwenye gari anamwaga: ardhi kwanza, kisha magurudumu, kisha boneti. Jumatatu wanakuja kwangu na madoa. Dawa ya rangi isiyovumilia pombe, kwangu ni maji ya kuoshea vyombo.

"Sanduku lako halina maandishi," nilimwambia.

"Nta nzuri haihitaji maandishi."

"Hata mbaya haiyahitaji."

Mdogo wangu Limbert alicheka. Alikuwa anapiga mashine ya kung'arishia ubavuni mwa pikapu nyeusi ya mteja wetu, Don Abdon, kitambi chake kikisukuma mlango. "Mzoee tu, kaka," alisema. "Huyu hata akifika mbinguni ataomba kwanza aijaribu kwenye kona."

"Ni ya nyuki?" niliuliza.

"Hapana."

"Ya mitende ya Brazili?"

"Hapana, dada. Inatengenezwa hapa hapa. Malighafi tele."

Alisema hivyo akimtazama Limbert. Si usoni.

Alifungua sanduku. Makopo yalikuwa yamepangwa yakabanana, hakuna nafasi ya kidole. Alipofungua moja, harufu ilitoka... nyama ya nguruwe iliyokaangwa jana, ikaachwa kwenye kikaango baridi. Akapaka kipande kimoja cha boneti yangu.

Sijawahi kuona rangi iliyokufa ikirudi vile. Niliinama kutazama. Ndani ya ule mng'ao nikamwona mwanamke mwenye kofia na shali, amesimama nyuma yangu. Nikajisogeza apite.

Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

"Pikapu hii inakwenda kubarikiwa?" mgeni aliuliza.

"Jumapili," Limbert alijibu.

"Basi mwambieni mwenyewe asimwage pombe. Nta yangu haitaki pombe."

"Basi huna nta," nilisema. "Funga sanduku lako."

Hakubishana. Alifunga. Mvua ya mawe ilikuwa imeanza, na Limbert, ambaye huruma yake haina breki, akasema atamsogeza hadi barabara kuu kwa kigari chetu.

Alirudi chakula kimepoa. Mkononi alikuwa na kopo.

"Kanipa zawadi."

"Mbona umechelewa?"

"Nilisinzia, dada. Nilisimama ashuke, nikasinzia palepale kwenye usukani. Ni yeye aliyeniamsha. Mtu mwema." Akapiga miayo, akaenda kulala bila kula.

Limbert hajawahi kulala bila kula.

Kesho yake nilishuka La Paz kutafuta koti la kauri la pikapu ile. Muuzaji alinionyesha vichupa vyake na kunisifia ugumu wa dawa na miaka ya dhamana. Nikamuuliza mawili tu: inakauka kwa muda gani kwenye baridi yetu, na inafanyaje ikimwagiwa spiriti. La pili hakulijua. Nikachukua ile ambayo kipande chake kwenye boneti yangu kilikuwa bado kinateleza maji baada ya bia ya msimu mzima. Don Abdon alikuwa mwenyeji wa sherehe ya chama cha madereva mwaka huo. Gari lake ndilo ambalo wote wangelitazama.

Niliporudi, pikapu ilikuwa inawaka. Nasema inawaka kwa sababu sina neno jingine. Limbert alikuwa ameketi juu ya tairi, kashika ukuta.

"Nimekupunguzia kazi, dada."

Mkanda wa suruali ulikuwa kwenye tundu la mwisho, na suruali bado inateleza. Kopo lilikuwa miguuni pake, limejaa.

"Kumbe hukutumia hii."

"Nimepaka gari zima. Mara mbili."

Nilichungulia. Nta ilikuwa imefika ukingoni. Haikuwa hata na alama ya kidole.

Nilimlaza chumba cha nyuma, nikamwita Mama Eusebia, anayeuza uji wa mahindi ya zambarau ng'ambo ya barabara. Alimpandisha shati. Chini ya mbavu za kushoto kulikuwa na mstari mwembamba kama mkwaruzo wa kucha, umeshajifunga. Hakuna damu. Mama Eusebia akalishusha shati polepole, akamchomekea.

"Baridi ya tumbo, mwanangu," alimwambia. "Umekunywa bia baridi za watu, mlafi wewe. Utapona."

Nje alinishika mkono, akanong'ona.

"Usimtaje huyo mtu mbele yake."

"Nani?"

"Unajua nani."

Nilijua. Kharisiri. Ni mumiani wa nyanda hizi, ila hana haja na damu. Hungoja ulale safarini, anakufungua ubavu, anatoa mafuta, anakufunga. Bibi zetu walisema mafuta hayo ni ya kuyeyushia kengele za makanisa. Baadaye ikasemwa ni ya treni. Na walisema jambo jingine, ambalo kila mtoto hapa analijua: mgonjwa akiambiwa alichofanyiwa, haioni asubuhi. Anauawa na kujua.

"Nitampikia kondoo mweusi," Mama Eusebia alisema. "Mafuta yake yatamshikilia kidogo. Lakini kilichotoka hakirudi, mwanangu. Jiandae."

"Hakijaenda mbali. Kiko juu ya gari."

"Casilda..."

"Kazi yangu ni kutoa vitu juu ya gari, mama. Kapike."

Nilianza na sabuni kali. Maji yalikimbia kabla hayajagusa rangi. Nikasugua kwa bonge la udongo tunalotumia kunasia uchafu. Udongo ukatoka safi kama ulivyoingia. Nikainua macho.

Kwenye mlango wa dereva, Limbert alikuwa ananitazama.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Nilimsikia akikohoa chumbani. Nikatazama mlango wa nyuma... Limbert. Ubavu wa pili... Limbert. Kwenye boneti alikuwa amelala chali, midomo ikienda.

Hakuna sauti iliyotoka.

Nikakumbuka maneno ya yule mtu. Haitaki pombe. Spiriti ya Jumapili ilikuwa tayari, dumu zima. Nilimwaga ya ardhi kwanza, kwa sababu ndivyo tunavyofanya, na sikuona kwa nini nimnyime Mama Ardhi siku ambayo namhitaji. Kisha nikalowesha taulo, nikaweka mlangoni.

Ulitoka mlio, kama mafuta yanapopata tone la maji. Harufu ya nguruwe ikajaa karakana. Taulo likarudi la njano, zito. Chini yake ilikuwa rangi ya Don Abdon ile ile, nyeusi iliyochoka.

Chumbani Limbert alisema, "Dada... kuna maji?"

Tangu nimlaze hakuwa ameomba kitu.

Nilikuwa kwenye ubavu wa pili Don Abdon Calisaya alipoingia, suti mpya, kofia mpya.

"Casilda, umerogwa? Mchana nimepita hapa gari inang'aa kama jeneza la tajiri. Sasa unaifuta?"

"Sauti chini, Don Abdon. Ndiyo, naifuta."

"Kesho chama kizima kitanitazama mimi."

"Kitakutazama."

"Na gari iliyochakaa? Mke wangu ameshaanza kujigamba tangu Pasaka."

"Inama utazame mlango wa nyuma. Ukiinuka, niite mwendawazimu, nitaitika."

Aliinama.

"Si Limbert huyu?"

"Limbert yuko chumbani amelala."

Kikohozi kikasikika kutoka nyuma. Don Abdon akautazama mlango wa chumba, akautazama tena mlango wa gari. Alivua kofia. Alivua koti la suti, akalitundika kwenye msumari.

"Mataulo yako wapi?" alinong'ona.

Tulisugua pamoja. Kila kipande kilipofunguka, nta ndani ya kopo ilishuka, na kutoka chumbani lilikuja ombi. Blanketi lipunguzwe. Dirisha lifunguliwe. Mwanga wa nje ulikuwa unakwisha. Ilibaki boneti.

Mbwa wakanyamaza.

Kling...

Kling...

Alikuwa langoni, koti jeupe, sanduku mkononi.

"Nimefuata kopo langu, dada."

Don Abdon alirudi nyuma hadi kwenye ukuta. Mimi nilibaki na taulo mkononi. Mgeni alilitazama kopo sakafuni. Ilikuwa imebaki nta ya unene wa ukucha.

"Mnaharibu mali," alisema.

"Mali ya nani?"

Na hapo sauti ya Limbert ikatoka chumbani, yenye nguvu kidogo kuliko kabla.

"Dada, nani huyo?"

Mgeni alitabasamu. Akageuzia uso chumbani, akavuta pumzi. Nikaelewa. Alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia yeye ni nani.

"Muuza nta," nilipaza sauti. "Anaondoka."

Nikamrushia spiriti yote ya dumu mdomoni.

Hakupiga kelele. Spiriti ilipompata, shavu lilipoteza mng'ao, kama rangi iliyovuliwa nta, na chini yake ngozi ilikuwa ya kijivu, imepasukapasuka. Alijipangusa kwa glavu. Alijaribu kusema, kilitoka kikohozi tu. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nje ya lango, na huko sauti ikamrudia, nyembamba.

"Jua la huku hula kila rangi, dada. Utanitafuta."

"Acha lizile. Lianze na yako."

Kling... kling... Kengele ilishuka na barabara. Mbwa hawakubweka mpaka ilipopotea kabisa.

Tulimaliza boneti kwa spiriti iliyobaki kwenye mataulo. Nilipotazama kopo, lilikuwa kavu kana kwamba halijawahi kutiwa kitu. Limbert alikuwa ameketi kitandani, anamuuliza Mama Eusebia kama hiyo supu ni ya kunusa au ya kunywa. Alikunywa mpaka chungu kikalia. Hadi leo anaamini ilikuwa baridi ya tumbo, na hapa karakana hakuna atakayemwambia vingine. Hasomi hadithi ndefu kama hii, namshukuru Mungu.

Pikapu ilikwenda Copacabana bila nta, bila koti la kauri, rangi yake imechoka kama ilivyo. Madereva walicheka. Don Abdon aliimwagia spiriti mpaka padri akakohoa.

"Gari yangu imekuja na ngozi yake," aliwaambia. "Nyie za kwenu mna hakika?"

Hakuna aliyemwelewa.

Niliporudi jioni, nikagundua tulichosahau. Kwenye boneti ya majaribio, katikati ya vipande vingine, kile alichopaka mgeni kilikuwa bado kinawaka. Yule mwanamke mwenye kofia alikuwa ndani yake, ananitazama. Simjui. Nta ile ilitoka kwenye kopo jingine la lile sanduku, na sanduku lilikuwa limejaa. Nikalowesha taulo, nikamfuta mpaka nikaona kutu. Natumaini mahali fulani mtu aliamka akaomba maji.

Tangu hapo natembea na chupa ya spiriti ndani ya shali. Nikiuona mng'ao ule kwenye foleni, naenda moja kwa moja na kuanza kusugua. Madereva hunitukana. Mlevi. Kichaa. Mmoja alinipigia honi mpaka polisi akaja. Nasema pole, kaka, na mkono hausimami.

Wiki iliyopita nilisugua kigari chekundu cha abiria. Dereva, kijana wa watu, alishuka badala ya kutukana.

"Unafuta nini, mama? Mbona mimi sioni uchafu?"

"Nani alikupakia nta hii?"

"Nimepaka mwenyewe. Kuna mzee tulimpa lifti, mimi na mke wangu. Akatuachia kopo."

"Mke wako yuko wapi?"

"Nyumbani. Anaumwa tangu juzi." Akainua mabega. "Baridi ya tumbo."

Taa ya barabarani iligeuka kijani. Nyuma yetu honi zikaanza. Nilimwekea chupa nzima mkononi, nikamkunjia vidole juu yake.

"Ardhi kwanza," nilimwambia. "Kisha anza na milango. Na mkeo akikuuliza unafanya nini, mwambie unaosha gari."