Jiwe Chini ya Gari la Umeme

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mawingu aliosha gari la mama yake. Jina hilo alibandikwa na mama mwenyewe, kwa sababu mtoto huyo aliweza kushika kitambaa mkononi huku akili yake iko juu kabisa, inatembea na ndege. Mama alikuwa dereva wa teksi, na teksi yenyewe ilikuwa ya umeme, kimya ajabu. Watu wa mtaa ule waliapa kwamba paka wa jirani alilala chini yake akiota panya, akaamka yuko juani, asijue kivuli chake kimeondoka saa ngapi.

Ua wao uliteremka kuelekea getini, na mama hakuiamini breki peke yake. Kwa hiyo Mawingu aliweka jiwe mbele ya gurudumu, akaosha, kisha akalibeba jiwe na kulirudisha ukutani.

Asubuhi moja mapovu ya sabuni yalipaa hewani, na kila povu lilibeba anga dogo. Mawingu akajiona amekaa ndani ya mojawapo, anaelea juu ya mabati ya nyumba.

"Mwanangu, umemaliza?"

"Tayari, mama."

Jiwe alilitoa kwenye gurudumu, lakini hakulibeba. Alilisukuma tu kwa mguu, likabingirika hadi chini ya tumbo la gari. Mama akaingia, gari likateleza kuelekea getini, na chini yake ikatoka sauti moja, kwaruu, kama kijiko kinachokwangua sufuria. Mama alikuwa amefunga vioo, anaimba na redio. Hakusikia kitu.

Mawingu aliliokota jiwe. Lilikuwa na mkwaruzo mpya. Akalirudisha ukutani, akaugeuza mkwaruzo ule utazame ukuta. "Gari halikusimama, basi halikuumia," akajiambia.

Siku chache baadaye taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi, kisha gari likagoma kuchaji.

Kwenye gereji, fundi alilinyanyua juu kwa mashine. Mawingu akatazama tumbo lake kama anatazama samaki mkubwa anayeelea. Kwenye bamba linalofunika betri palikuwa pamebonyea, na maji ya kupozea yalidondoka tone kwa tone.

"Betri nzima ikibadilishwa, ni kama unanunua gari lingine," fundi alisema.

"Nina bima kubwa," mama akajibu. "Ile inayolipa hata gari langu mwenyewe likiumia."

Mkaguzi wa bima, bwana mpole mwenye tochi, alikuwa ameshafika. "Dada yangu, bima inalipa ajali. Betri iliyochoka yenyewe hailipiwi. Uligonga nini?"

"Sijagonga kitu, kaka."

"Na hapa palipobonyea?"

"Hapo ndipo panaponishangaza."

Mkaguzi alipoinama tena na tochi yake, fundi alimsogelea mama. "Mama Mawingu, sema ni tuta la barabarani," akanong'ona. "Tuta haliwezi kuja hapa kubisha."

"Ataniuliza tuta gani. Nitampeleka wapi?" Mama alisema hivyo, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba. Bila teksi hapakuwa na kodi ya nyumba wala ada ya shule. Mawingu aliona midomo ya mama ikianza kulitafuta tuta.

"Si tuta," akasema. "Ni jiwe langu, mama. Nililiacha chini ya gari. Nikasikia likikwaruza, nikanyamaza."

Mkaguzi akazima tochi. "Liko wapi jiwe lenyewe?"

"Nyumbani. Nimeligeuza litazame ukuta."

"Masikini jiwe, umelibebesha adhabu yako," akasema mkaguzi.

Walikwenda wote kuliona. Mkwaruzo ulilingana na alama ya kwenye bamba, na rangi ya bamba ilikuwa imeganda juu ya jiwe. Mkaguzi akapiga picha. "Hii ni ajali, tutalipa. Ungesema tuta, dada, nami nikagundua si kweli, usingepata kitu."

Fundi alipoifungua betri alikuta haikufa yote. Alibadilisha bamba, bomba la maji na sehemu zilizolowa. Bima ililipa sehemu kubwa. Kiasi ambacho mkataba humtaka mwenye gari ajilipie, mama alikitoa kwenye akiba ya kochi jipya.

Jioni gari liliporudi, walikaa wawili kwenye kochi kuukuu. Nje, taa ya kuchajia ilipumua taratibu, kijani, kama mtu aliyelala.

"Nilikukasirikia, nisikufiche," mama alisema. "Lakini si kwa sababu ya jiwe. Kuota umezaliwa nako, na kusahau kila mtu anasahau. Ungeniambia siku ile ile, tungebadilisha bamba tu. Uliponyamaza, maji yakaendelea kuingia kwenye betri, na mimi naendesha huku naimba. Ukikosea, niambie kosa likiwa bado dogo."

"Nimeelewa, mama." Mawingu akautazama mwanga wa kijani. "Mama?"

"Naam."

"Ile chupa yako ya chai, ambayo siku hizi inapoza chai…"

Mama akageuka polepole, akijizuia kucheka. "Endelea, mwanangu. Hilo bado dogo, au limeshakua?"

"Limekua kidogo," alisema Mawingu, akamweleza yote.